Ndege Iliyotulia Kupita Kiasi

Askari anayetumwa mbele kumchunguza adui hutakiwa kuona vizuri na kurudi salama. Waingereza walipounda ndege ya B.E.2c mwaka 1914, walilifikiria zaidi lile jambo la kwanza. Ilikuwa ndege ya mbao, nyaya na kitambaa, yenye mabawa ya juu na ya chini, ikichukua watu wawili. Mhandisi Edward Busk aliisawazisha hata ikawa yajiendea angani bila kuyumba, ili rubani naye apate nafasi ya kutazama chini na kuandika. Busk mwenyewe aliungua angani ndani ya B.E.2c, Novemba 1914.

Mtazamaji aliketi mbele ya rubani, chini ya bawa la juu, amezungukwa na nguzo na nyaya. Bunduki aliyopewa alikosa hata pa kuielekeza. Palipokuwa na mabomu ya kubeba, mara nyingi yeye na bunduki yake waliachwa nyuma kwa sababu ya uzito, rubani akaenda peke yake.

Katikati ya mwaka 1915 Wajerumani walileta Fokker, ndege yenye bombomu lililofungamanishwa na injini, risasi zikipita katikati ya rafadha bila kuigusa. Hapo utulivu uliosifiwa ukageuka msiba, kwani chombo kilichoundwa kisiyumbe hakikuweza kujipinda upesi kukwepa. Vijana wengi waliangushwa, wala si kwa uzembe wao. La kulaumiwa, kwa maoni yangu, ni kwamba ndege za jamii hiyo zilikuwa zingali zikipelekwa vitani Ufaransa mwaka 1917.

Huku Afrika Mashariki, Kikosi cha 26 kiliruka na B.E.2c kutoka Mbuyuni, upande wa Taveta, mwaka 1916. Wajerumani wa huku hawakuwa na ndege za kupigana nazo. Kilichowashinda watazamaji ni pori lililowaficha askari wa von Lettow-Vorbeck.

Utulivu ule ulipata kazi yake usiku, juu ya nchi ya Uingereza, ambako rubani gizani alihitaji chombo kisichomsumbua. Usiku wa kuamkia Septemba 3, 1916, William Leefe Robinson, akiwa peke yake, aliikuta merikebu ya angani ya Kijerumani, SL 11, kaskazini ya London. Aliimiminia risasi mara mbili isidhurike. Mara ya tatu aliilenga sehemu moja ya nyuma, ikawaka. Mabaharia wake wote 16 walikufa.