HABARI ZA TAJIRI ALIYEFILISIKA SI SIRI: TUJIFUNZE KUZISOMA

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano yetu tunazungumza sana juu ya mishahara, saa za kazi, nyumba na nauli. Hayo yote ni mema. Lakini liko jambo moja ambalo hatulizungumzi mpaka siku tunapokuta lango la kazi limefungwa kwa mnyororo. Tajiri anapofilisika, mfanyakazi atapata wapi habari za kweli? Atadai haki yake kwa nani, na kabla ya siku gani?

Nia yangu ni kuonyesha kwamba habari hizo zimeandikwa na kuwekwa wazi, na kila mtu ana haki ya kuzisoma. Tena nataka kusema kwamba ni wajibu wa chama chetu kuzisoma kwa niaba ya wanachama kila wiki, bila kungoja msiba.

Najua wako watakaosema: "Sisi ni watu wa reli. Shirika la Reli ni la serikali, mambo ya kufilisika hayatuhusu." Ndugu zangu, tusijidanganye. Shirika la Reli la Kenya liliundwa kwa sheria mwaka 1978, lakini mwaka 2006 kazi ya kuendesha treni ikakabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mwaka 2017 mkataba ule ukavunjwa. Kumbe tajiri wa mtu wa reli aweza kubadilika. Tena tazameni wale wanaofagia, wanaolinda malango na wanaopika chakula mahali pa kazi. Wako walioandikwa na kampuni ndogo ndogo za mkataba. Na wake zetu, waume zetu na watoto wetu wanafanya kazi katika maduka, mahoteli na viwanda kuanzia katikati ya mji mpaka Westlands, Kilimani, Lavington na Kawangware. Moto ukishika nyumba ya jirani, huwezi kusema moshi si wako.

MFANO TULIOUONA KWA MACHO

Hakuna mkazi wa Nairobi asiyeyajua maduka ya Nakumatt. Yalikuwa mjini, yalikuwa Westgate, yalikuwa Prestige na Junction kwenye barabara ya Ngong. Mwaka 2017 rafu zilianza kuwa tupu na matawi yakafungwa moja baada ya jingine. Januari 2018 Mahakama Kuu iliiweka kampuni hiyo chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai walipiga kura ifilisiwe, na madeni yake yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Haikuwa peke yake. Uchumi mwaka 2020 ilifanya mapatano na wadai wake kwa njia ya sheria hiyo hiyo, na Tuskys mwaka huo huo ilianza kufunga milango.

Angalieni tarehe hizo. Kati ya rafu tupu na kura ya kufilisi ilipita zaidi ya miaka 2. Katika muda huo mabenki na wenye kuuza bidhaa walikuwa na mawakili waliosoma kila karatasi. Mfanyakazi wa kawaida alisoma nini? Alisikiliza maneno ya kwenye matatu. Dereva wa treni haondoki stesheni kwa uvumi kwamba njia ni nyeupe. Anatazama ishara. Nasi tujifunze kutazama ishara.

KWA NINI KUCHELEWA NI HASARA

Sheria inayotawala mambo haya ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, ambayo kwa Kiingereza huitwa Insolvency Act. Benki iliyoshika rehani ya jumba huuza jumba hilo na kujilipa. Katika mali nyingine, gharama za kazi ya kufilisi hulipwa kwanza. Baada yake huja haki za mfanyakazi: mshahara, malipo ya likizo, malipo ya kupunguzwa kazi, na pesa zilizokatwa katika mshahara. Sisi tunatangulia hata kodi ya serikali. Hilo ni jambo zuri.

Lakini someni masharti yake. Mshahara unaotangulia ni ule wa miezi 4 tu kabla ya siku ufilisi ulipoanza. Tena jumla ya haki zote zinazotangulia kwa mfanyakazi mmoja haiwezi kupita shilingi 200,000. Kinachozidi hapo huwekwa pamoja na madeni ya kawaida, na mara nyingi watu wa msitari huo hupata kidogo sana au hawapati kitu.

Tuchukue hesabu nyepesi. Mtu analipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Tajiri anamwambia avumilie, naye anavumilia miezi 9. Anadai shilingi 180,000. Ufilisi ukianza, shilingi 80,000 tu za mshahara ndizo zinazotangulia. Shilingi 100,000 zilizobaki zinasimama foleni pamoja na mwenye kuuza sabuni na mwenye kuuza karatasi. Wazee walisema subira huvuta heri, nami nawaheshimu. Lakini katika jambo hili kila mwezi wa subira kupita wa nne unaishusha haki yako daraja.

Kangemi yuko jirani yangu aliyekuwa mlinzi wa kampuni moja ambayo sitaitaja. Kampuni ilipofunga, alienda ofisini mwaka mzima kuulizia mshahara wake, akiambiwa "njoo wiki ijayo." Mwisho alionyeshwa tangazo katika Gazeti Rasmi. Lilikuwa limetaja jina la mfilisi na siku ya mwisho ya kuleta madai, na siku hiyo ilikuwa imepita zamani. Muda wote huo karatasi ilikuwapo, hapa hapa mjini.

MILANGO MITATU YA KUINGILIA

Mlango wa kwanza ni Gazeti Rasmi la Serikali, lile liitwalo Kenya Gazette. Hutoka kila Ijumaa. Ndani yake hutangazwa maombi ya kufilisi kampuni, majina ya wasimamizi na wafilisi, na siku ya kuleta madai. Mpigachapa wa Serikali yuko Haile Selassie Avenue, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni yetu. Asiyetaka kununua nakala anaweza kuisoma bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, kwa simu yake au katika saiba yoyote. Humo zimo pia nakala za miaka mingi iliyopita.

Mlango wa pili ni ofisi ya Mpokezi Rasmi. Mlangoni ataona imeandikwa Official Receiver. Ofisi hii iko chini ya Business Registration Service, idara inayoandikisha makampuni. Hapo pana daftari la watu waliotangazwa kuwa muflisi, na sheria inasema daftari hilo ni la watu wote kulitazama. Idara hiyo hiyo hutoa, kwa njia ya eCitizen na kwa ada, karatasi iitwayo CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Asiyejua kutumia eCitizen aende Huduma Centre ya GPO, Kenyatta Avenue, aombe kuonyeshwa.

Mlango wa tatu ni mahakama yenyewe. Kesi za kufilisika kwa makampuni ya Nairobi husikilizwa na Mahakama Kuu, idara ya biashara na kodi, Milimani kule Upper Hill, ukipanda kutoka Haile Selassie Avenue. Kila kesi ina namba na mwaka. Tangu Julai 2020 kesi za Nairobi huandikishwa kwa kompyuta, na namba zake huanza kwa herufi E. Ukiwa na namba, nenda masjala ukaombe kusoma faili, ulipe ada yake na upewe risiti. Hukumu zenyewe zinasomwa bure katika Kenya Law. Malipo ya serikali hupitia eCitizen, kwa hiyo usimpe pesa mkononi mtu anayesimama nje ya lango akisema anaweza "kuharakisha."

Neno moja juu ya benki: benki ikianguka haipiti milango hii. Inashughulikiwa na Shirika la Bima ya Amana, na huko ndiko mwenye akiba huenda kudai.

JINA LILILO JUU YA DUKA SI JINA LA TAJIRI

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu anatafuta jina lililopakwa rangi juu ya mlango, halioni, kisha anarudi nyumbani akidhani hakuna kesi. Tuskys mnayoijua, katika karatasi za serikali ni Tusker Mattresses Limited. Nakumatt ni Nakumatt Holdings Limited. Basi kila mwanachama atazame karatasi ya mshahara, barua ya kuandikwa kazi, na taarifa yake ya NSSF. Jina lililoandikwa huko ndilo la kutafuta, herufi kwa herufi.

Tena angalia kama tajiri ni kampuni au ni mtu mmoja mwenye jina la biashara. Mtu mmoja akishindwa na madeni, yeye mwenyewe ndiye anayetangazwa muflisi, na jina lake litafutwe katika daftari la Mpokezi Rasmi.

Ukiona kuna msimamizi, fahamu kwamba kampuni bado inajaribu kuponywa, na huwezi kuishtaki wala kukamata mali yake bila ruhusa ya msimamizi au ya mahakama. Ukiona kuna mfilisi, fahamu kwamba mali inakusanywa ili igawanywe. Kwa vyovyote andika dai lako, liambatishe na karatasi za mshahara, lipeleke kwa mtu aliyetajwa katika tangazo, na urudi na nakala iliyopigwa mhuri. Usikae ukitumaini kwamba yeye atakutafuta.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wako wanaosema hii ni kazi ya wakili. Wakili ni wa kuendesha kesi, na tukihitaji wakili tutamwendea. Lakini kutafuta jina katika gazeti ni kama kutafuta saa ya treni katika orodha ukutani. Anayejua kusoma anaweza. Mimi nilisoma shule ya misheni ya msingi tu, nami ninaweza.

Wengine wanaogopa kwamba tajiri akijua wanachungulia atawafukuza. Ndiyo sababu nasema kazi hii ifanywe na chama, si mtu mmoja mmoja. Mtu akienda peke yake ataonekana mchochezi. Chama kikienda ni kazi yake ya kila siku. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya serikali ijibu ombi la habari kwa muda usiozidi siku 21. Tunapoomba kusoma, hatuombi fadhili.

NINAYOTAKA CHAMA KIFANYE

Kwanza, kila tawi lichague watu wawili. Mmoja asome Gazeti Rasmi kila Ijumaa. Wa pili atunze daftari lenye majina kamili ya matajiri wote wanaoajiri watu katika eneo la tawi, pamoja na kampuni za mkataba. Majina hayo mawili yalinganishwe kila wiki. Ni kazi ya saa moja.

Pili, likionekana jina lolote, karatasi ibandikwe mahali pa kazi kabla ya Jumatatu jioni, ikitaja jina la msimamizi au mfilisi, namba ya kesi na siku ya mwisho ya madai.

Tatu, mshahara wa mwanachama yeyote ukichelewa miezi 2, tawi lipewe habari, wala lisingoje mwezi wa tano. Na kama makato ya NSSF hayajafikishwa, hiyo nayo ni ishara nyekundu.

Nne, chama kiandike kwa Mahakama na kwa Business Registration Service kuomba matangazo haya yatolewe pia kwa Kiswahili na yabandikwe kwenye lango la kazi lililofungwa. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangazo lililo wazi kwa mwenye wakili, lakini limefungwa kwa mwenye jembe na fagio, ni wazi nusu tu.

Ndugu zangu, sisemi kwamba kusoma karatasi kutamfanya tajiri muflisi awe na pesa. Pasipo na kitu hapana mgawo. Lakini pale palipo na kitu, hata kidogo, sheria imetuwekea mahali karibu na mbele ya foleni. Itakuwa aibu mahali petu pakikaa patupu kwa sababu hatukujua foleni iko mlango gani.

Mkutano ujao wa tawi naomba jambo hili liwekwe katika ajenda, na wale wawili wachaguliwe siku hiyo hiyo.

Umoja ni Nguvu.

Wenu katika kazi,
Mfanyakazi wa Reli, Nairobi