Goti Lililopoa Si Goti Lililopona

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotofautiana kwa sauti moja tu ya puani: kupoa na kupona. Uji hupoa, hasira hupoa, na maumivu nayo hupoa. Lakini jeraha hupona. Si lugha zote za Kibantu zilizojaliwa kutenganisha mambo haya mawili. Wazulu, mathalani, hutumia kitenzi kimoja, phola, kwa chai iliyopoa na kwa kidonda kilichofunga. Sisi tumerithi maneno mawili, na hata hivyo wanasoka wa vyuo vyetu hapa Meru na Embu huenda likizoni na kurudi kana kwamba tulipewa moja tu.

Jambo ninalolizungumzia si geni kwa yeyote aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu. Muhula unakaribia kwisha, timu inacheza mechi zake za mwisho, na kijana anatoka uwanjani akichechemea. Anafungwa bendeji, anapewa vidonge vya kutuliza maumivu, kisha mitihani inaanza. Mitihani ikiisha, bweni linafungwa na kijana anapanda matatu kwenda kwao: Maua, Mikinduri, Runyenjes, Siakago au Kiritiri. Tangu siku hiyo hadi chuo kitakapofunguliwa, muda ambao katika likizo ndefu huweza kufika miezi mitatu, hakuna mtu ambaye kazi yake ni kujua goti lile linaendeleaje. Mkufunzi wa timu ana shughuli zake. Zahanati ya chuo huwahudumia waliopo chuoni. Mzazi naye anamwona mwanawe akitembea bila mkongojo, na anamshukuru Mungu.

Chuo kinapofunguliwa, kijana huulizwa swali moja tu: "Bado unaumwa?" Akijibu la, hupewa jezi. Haipiti muda mrefu kabla hajabebwa tena.

Swali hilo linauliza iwapo maumivu yamepoa. Halimwambii mtu yeyote lolote kuhusu kupona. Wataalamu wa tiba ya michezo wamekuwa wakituambia kwa miaka mingi kwamba kitu kinachoashiria zaidi kuumia kwa mchezaji ni kule kuumia kwake kwa awali, hasa ikiwa alirejea kabla ya wakati. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya majeraha tunayoyaona Septemba huandaliwa Juni na Julai, kijijini, mbali na macho ya mkufunzi.

Chukua jeraha linaloogopwa kuliko yote, lile la kuchanika kwa kano la mbele la goti. Hili ndilo kano linalouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele mchezaji anapofunga breki au kugeuka ghafla. Mara nyingi halichaniki kwa kupigwa teke. Huchanika mchezaji akiwa peke yake, ametua vibaya baada ya kuruka au amegeuza kiwiliwili huku wayo umeng'ang'ania ardhini. Wasichana wamo hatarini zaidi, takriban mara 2 hadi 3 kuliko wavulana, na sasa vyuo vyetu vingi vina timu za wanawake. Kano hilo likishonwa upya hospitalini kwa kutumia kano jingine, pandikizi hilo hudhoofika kwanza kabla ya kuimarika, na hudhoofika katika miezi ile ile ambayo mchezaji huanza kujisikia mzima. Utafiti wa wataalamu wa Norwei na Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja ambao mchezaji alichelewa kurejea, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Miezi 9! Mwanafunzi wetu aliyefanyiwa upasuaji mwezi wa Aprili haoni ni kwa nini asicheze Septemba, hali maumivu yalikwisha Juni. Na hapo namzungumzia mwenye bahati, kwa kuwa wengi hawafiki kwenye upasuaji wala hata kwenye picha ya kuonyesha kilichochanika.

Upasuaji ni ghali, na sitaki kujifanya kwamba makala ya gazeti yanaweza kuupunguza bei. Lakini majeraha mengi ya wanafunzi hayahitaji kisu. Huhitaji mpango.

Mfano bora ninaoufahamu unatoka Denmaki, na unahusu hasa kipindi hiki cha kati ya misimu. Huko watafiti walizigawa timu 50 za soka, zenye wachezaji 942, katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa zoezi moja tu la ziada kwa wiki 10 wakati wa mapumziko ya majira ya baridi. Zoezi lenyewe halihitaji mashine: mchezaji hupiga magoti, mwenzake humshika vifundo vya miguu, naye huuachilia mwili wake uinamie mbele polepole huku misuli ya nyuma ya mapaja ikipambana kuuzuia usianguke. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2011, kundi lililofanya zoezi hilo lilikuwa na majeraha 15 ya misuli ya nyuma ya paja. Kundi jingine lilikuwa na 52. Walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wamewahi kuumia mahali hapo hapo. Gharama ya zoezi hilo ni mkeka, na ndugu wa kukushikilia miguu. Ni nyumba gani ya Igembe au Mbeere isiyokuwa na vitu hivyo viwili?

Nitatajiwa kazi za shamba. Nitaambiwa kwamba kijana anayebeba kikapu cha majani chai kwenye miteremko ya Mlima Kenya, au anayelima matuta ya kahawa huko Manyatta, hahitaji kuelekezwa mazoezi na mwalimu wa isimu. Hoja hiyo ina ukweli, wala siidharau. Pumzi ya mwanamichezo asiyefanya lolote huanza kupungua katika wiki 2 hadi 4, na mteremko wa shamba huilinda pumzi hiyo vizuri kuliko kochi. Lakini jembe halimfundishi mtu kukimbia kwa kasi ya mwisho kisha akasimama ghafla, na ni katika kukimbia na kusimama huko ndiko misuli huchanika. Kijana anarudi chuoni akiwa na mapafu ya mkulima na mapaja yasiyokimbia mbio kali kwa miezi mitatu; mkufunzi, kwa kuona kwamba hahemi, anamtwika mazoezi ya wiki sita ndani ya wiki moja.

Halafu kuna makombe ya vijijini. Likizo ndiyo majira yake: kombe la mbunge, kombe la mwakilishi wa wadi, kombe la mfanyabiashara anayetafuta jina. Mwanachuo ni lulu katika mashindano hayo. Hufuatwa nyumbani, huahidiwa nauli na kitu kidogo, na huchezeshwa mechi mbili kwa siku moja kwenye kiwanja chenye mawe na mashimo ya fuko. Sitamlaumu. Karo haijilipi, na asiyemnunulia kijana chakula hana haki ya kumkataza kibarua. Ninachosema ni kwamba akiumia huko, au akilitonesha jeraha la muhula uliopita, atalificha, kwa maana akilitaja atapoteza nafasi yake chuoni.

Mimi ni mtu wa lugha, na msomaji ataniwia radhi nikirudi kwenye maneno. Maagizo mengi ya daktari humfikia mwanafunzi kwa Kiingereza, naye huyatafsiri kichwani mwake kwa neno moja: pumzika. Katika Kiswahili chetu cha kila siku kupumzika ni kuacha kazi, kuketi, kulala. Basi kijana anaketi. Anaketi wiki sita, misuli ya paja inasinyaa hadi tofauti kati ya mguu mmoja na mwingine inaonekana kwa macho, kisha anainuka na kwenda moja kwa moja uwanjani. Lakini daktari hakukusudia kuketi. Alikusudia kwamba jeraha lipunguziwe mzigo siku chache za kwanza, kisha lirudishiwe mzigo huo kidogo kidogo, kwa sababu msuli na kano hujengeka upya kwa kufuata kazi zinazopewa.

Hata elimu ya barafu imebadilika, na sidhani kwamba habari hizo zimefika kila mahali. Tangu mwaka 1978, daktari Gabe Mirkin wa Marekani alipoandika juu ya kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua, fomula hiyo imekaririwa duniani kote kama sala. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe alijitokeza na kusema kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona. Barafu hutuliza maumivu, naam, yaani hupoesha. Kwa upande wetu tuna desturi mbaya zaidi ya hiyo: kifundo kikiteguka, siku hiyo hiyo hupelekwa kwa mkandaji, kikapakwa dawa kali ya kuchua, kikavutwa na kukandwa kwa maji moto. Katika siku 2 au 3 za mwanzo, joto na ukandaji huongeza damu inayovuja ndani na uvimbe ukazidi. Mkandaji ana siku zake, lakini si siku ya kwanza.

Serikali zetu, kuu na za kaunti, hazikosi fedha za soka zikitaka kuonekana. Uwanja wa Kinoru mjini Meru ulianza kukarabatiwa kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya 2018, ambayo Kenya ilipokonywa yakapelekwa Moroko. Hatimaye ulitumika kuadhimisha Sikukuu ya Madaraka tarehe 1 Juni 2018. Embu nayo ilipata zamu yake ya Madaraka mwaka 2023, na uwanja wake ukatengenezwa. Sipingi viwanja. Nyasi nzuri huokoa vifundo vya miguu. Lakini jukwaa la wageni waheshimiwa halijamponya mtu goti, na mtaalamu mmoja wa tiba ya maungo aliyeajiriwa kushughulikia wanamichezo wa vyuo vya eneo hili angegharimu sehemu ndogo mno ya rangi iliyopakwa kuta hizo.

Hata kabla ya kuajiri mtu, yapo yanayowezekana. FIFA ilitayarisha miaka mingi iliyopita mazoezi ya kupasha mwili joto yanayoitwa 11+, ya dakika 20 tu, yasiyohitaji chochote ila mpira. Mjini Lagos, utafiti wa 2014 uliowahusu vijana wa kiume wa miaka 14 hadi 19 uligundua kwamba timu zilizoyafuata zilipunguza majeraha kwa asilimia 41. Mwaka uliofuata, wanasoka wa vyuo vikuu vya Marekani walichunguzwa vivyo hivyo, na majeraha yao yakapungua kwa karibu nusu. Lagos si Ulaya. Viwanja vyake si zulia. Kilichofanya kazi huko hakina sababu ya kushindwa Nchiru au Embu.

Ninapendekeza basi kwamba Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, Chuo Kikuu cha Embu, na jirani yao wa Chuka aliye katikati ya barabara, vimpe kila mchezaji karatasi moja kabla ya kufunga muhula. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kimeru na Kiembu ikiwezekana, ili mama na baba waisome pia, kwa kuwa wao ndio watakaouliza maswali mezani. Itaje jeraha kwa jina, tarehe lilipotokea, mazoezi ya kila wiki, na mambo ya kujiepusha nayo. Itaje hospitali ya umma iliyo karibu yenye idara ya tiba ya maungo. Meru na Embu zote zina hospitali za rufaa, na kijana mwenye karatasi mkononi hupokelewa tofauti na kijana anayesema tu kwamba mguu unamsumbua. Mchezaji asiyeumia naye apewe yake, yenye mbio za kasi mara mbili kwa wiki na lile zoezi la Denmaki.

Nitaulizwa kama mwanafunzi ataifuata. Wengine hawataifuata. Lakini yule anayeogopa kuupoteza mguu wake, na ni wengi kuliko tunavyodhani, leo hana hata cha kukipuuza. Vilevile nitaulizwa kama chuo kinafaa kushughulika na mpira badala ya masomo. Nimewaona wanafunzi wakipanda ngazi za orofa ya tatu kwa mkongojo kuja kunisikiliza nikieleza fonolojia, na wengine wakikosa mihadhara ya wiki nzima kwa sababu ya goti. Hilo ni suala la masomo.

Na siku ya kurejea, swali la "Bado unaumwa?" liachwe kabisa. Mahali pake kuna kipimo rahisi wanachokitumia wataalamu: mchezaji aruke kwa mguu mmoja mbele kadiri awezavyo na kutua bila kuyumba, kisha aruke kwa mguu wa pili, na masafa yapimwe. Mguu ulioumia usipofikia angalau asilimia 90 ya ule mzima, hachezi. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, na daktari ataongeza vyake. Hata hivyo kinamzuia mkufunzi mwenye haraka na kijana mwenye shauku kudanganyana. Futi ya fundi cherehani inatosha kukifanya, na hiyo inapatikana madukani Meru na Embu hata leo jioni.