Kabla ya kuuza injini, tazama bomba la moshi

Mpenzi msomaji, umewahi kupanda boti kule pwani ukaona nahodha amefungulia mafuta mpaka mwisho, moshi mweusi umetanda, na chombo hakiendi? Abiria husema injini imezeeka. Mara nyingi huisingizia bure.

Mjomba wangu huchukua abiria kati ya Lamu na Faza kwa boti ya injini ya dizeli, ile inayokaa ndani ya chombo. Mwaka uliopita boti ilianza kulemewa. Maji yakimjia kinyume kwenye mlango wa Mkanda, ilitambaa kama kobe. Mjomba alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa injini hiyo, na karo ya binamu zangu wawili ndiyo ingeongezwa kununulia nyingine. Fundi mmoja mzee akamwambia, "Ngoja kwanza, nahodha. Mtu aliyezibwa pua humwiti mgonjwa wa miguu."

Naam, injini hupumua kama wewe na mimi. Huvuta hewa, huchoma mafuta, kisha sharti iteme moshi. Moshi ukikosa njia hubaki ndani ya silinda, hewa mpya ikakosa nafasi, na dizeli isiungue yote. Hapo ndipo nguvu hupungua, moshi ukawa mweusi na injini ikapata joto la kupita kiasi.

Katika boti nyingi za aina hii, maji ya bahari yaliyokwisha kupoza injini humwagwa ndani ya kona ya chuma ya ekzosi. Kazi yake ni kupoza moshi usiunguze paipu ya mpira. Lakini masizi, chumvi na kutu hukutana papo hapo na kuziba tundu kidogo kidogo, hasa injini ikizoea kunguruma bila kazi gatini. Kona ya mjomba ilipofunguliwa, hata kidole cha mwisho hakikupenya.

Ikiwa una chombo, au jamaa yako anacho, zingatia haya:

Kwanza, kona hiyo ifunguliwe na kukwanguliwa. Chuma kikiwa kimeliwa na kutu kikawa chembamba, inunuliwe mpya.

Pili, paipu isiwe nyembamba kuliko kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha injini. Mapindi yawe machache. Mpira mkuukuu huweza kuonekana mzima kwa nje, kumbe ndani umebambuka na kuziba njia.

Tatu, injini ikigoma kuwaka, usipige stata mfululizo huku koki ya maji ya bahari iko wazi. Pampu huendelea kuleta maji na hakuna moshi wa kuyasukuma nje, hivyo yanaweza kurudi mpaka ndani ya silinda. Funga koki, kisha uifungue mara tu injini inapowaka.

Nawe abiria una lako. Paipu ikivuja, hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi huingia chomboni. Haionekani wala hainuki. Huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na wengi hudhani ni bahari tu imewachafua. Kwa hivyo, likizo ikifika na ukateremka pwani na watoto, usiwaketishe karibu na tundu la moshi, wala msijifungie chini ya turubai. Mtoto akilalamika kichwa, mtoe penye upepo na umjulishe nahodha papo hapo. Asipopata nafuu upesi, mpeleke hospitali.

Mjomba alinunua kona mpya na paipu moja ya mpira. Injini ni ile ile, Mkanda anaupita bila taabu, na binamu zangu wako shuleni. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila kwa injini, ndugu yangu, ni kuzibua.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.