Wastani Mmoja, Hali Mbili

Tuseme kijiji kimejaribu mbegu mbili za mahindi, eka tatu kwa kila mbegu, na mavuno yameandikwa katika jedwali la kompyuta, yaani Excel. Mbegu ya kwanza imetoa magunia 9, 10 na 11. Ya pili 4, 10 na 16. Wastani wa kila mbegu ni magunia 10. Je, mbegu hizi ni sawasawa? Hasha! Aliyevuna 4 atalala njaa, wala wastani hautamlisha.

Ndiyo sababu kuna kipimo cha mtawanyiko, kiitwacho variansi. Tafuta tofauti ya kila mavuno na wastani, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote, kisha gawanya kwa idadi pungufu ya moja. Mbegu ya kwanza yapata 1, ya pili 36.

Lakini angalieni. Ukichuja jedwali ibaki mbegu ya kwanza tu, kisha ukaandika =VAR(B2:B7), kompyuta itahesabu hata mistari isiyoonekana, ikupe 14.8. Hilo si jibu la mbegu yo yote. Andika =SUBTOTAL(10,B2:B7), nayo itahesabu iliyobaki tu. Kama mistari mingine umeificha kwa mkono, tumia 110 badala ya 10.

Basi, wazee wa ushirika, eka tatu ni chache. Pimeni nyingi kabla ya kukata shauri. Lakini mwenye shamba moja asichaguliwe mbegu kwa wastani peke yake.