Kazi ya Gadi wa Gari la Mizigo



Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa kigango chetu alifika ofisini hapa parokiani kutaka cheti cha ubatizo cha mwanawe wa tatu. Nilipomwuliza cheti ni cha nini, akajibu kwa sauti ndogo, "Anataka kazi ya reli, mwalimu. Ati ugadi wa magari ya mizigo. Nami sijui kama nimpe baraka au nimzuie." Nikafungua kitabu cha Ubatizo, jina nikaliona, lakini jibu la swali lake halikuwamo. Basi nikampeleka kwa mzee mmoja jirani ya kanisa, aliyeifanya kazi hiyo katika Reli ya Kati tangu mwaka 1974 hata akastaafu. Tuliyoyasikia nawaandikia ninyi, maana najua si mama huyu peke yake mwenye kijana wa namna hiyo nyumbani.

Wengi wetu hudhani gadi ni mtu wa kupuliza filimbi na kupepea bendera ya kijani tu. Kumbe dereva huendesha injini, lakini gari zima liko mikononi mwa gadi. Kabla ya kuondoka yeye hupita behewa kwa behewa akihesabu, akiandika namba ya kila moja na mahali liendako: hili la chumvi ya Uvinza, lile la saruji, lile la mafuta, lile la shehena ya Burundi itakayoshushwa Kigoma na kupakiwa melini. Hutazama viungo, hutazama lakiri za milango, tena hujaribu breki pamoja na dereva. Wajerumani waliijenga reli hii toka Dar es Salaam mpaka Kigoma kati ya mwaka 1905 na 1914, kilomita zaidi ya 1,200, nayo ni njia moja. Magari yaendayo na yarudiyo hupishana stesheni, si penginepo. Kwa hiyo dereva haingii njiani bila kibali, na stesheni masta hukaza macho mkiani mwa kila gari lipitalo. Akiiona taa ya mkia anajua gari limetimia. Asipoiona, huenda mabehewa mengine yameachwa nyuma gizani.

"Hilo limekupata, mzee?" nikamwuliza.

Limempata. Usiku mmoja, mbele ya Itigi, katika vichaka vile vizito, kiungo kilikatika. Mipira ya breki ikachomoka, na breki zikajifunga zenyewe mbele na nyuma, maana ndivyo zilivyotengenezwa: mpira ukikatika, magurudumu hushikwa. Lakini breki za namna hiyo haziaminiki gari likisimama muda mrefu. Hulegea kidogo kidogo. Basi mzee akashuka, akakaza breki za mkono, akatia magogo chini ya magurudumu. Kisha akachukua taa yake na fataki, akaanza kurudi nyuma kwa miguu peke yake, ili kama gari jingine lingekuja lipate onyo mapema. (Fataki hizo hufungwa juu ya reli, injini ikizikanyaga hulia kama bunduki, na dereva husimama.) Alitembea juu ya mataruma akiyahesabu, na alipochoka kuhesabu mataruma akahesabu Salamu Maria. Fisi walikuwa wakilia upande wa kushoto. Alipofika umbali uliowekwa na kanuni akazifunga fataki, akaketi juu ya kokoto mpaka alfajiri. Hakuna gari lililokuja usiku ule.

"Basi ulitembea bure," mama akasema.

Mzee akamtazama, akamtajia tarehe 24 Juni 2002. Wengi wenu mnaikumbuka. Siku hiyo, kati ya Msagali na Igandu, upande wa Dodoma, gari la abiria lenye watu zaidi ya elfu moja lilirudi nyuma mteremkoni pasipo kuzuilika, likagongana na gari la mizigo, na watu 281 wakafa. Hakusema zaidi, nasi hatukumwuliza. Mungu awarehemu marehemu wale.

Nilimweleza kwamba huko Marekani, tangu miaka ya 1980, behewa la gadi limeondolewa mkiani, na mahali pake pamefungwa chombo kidogo chenye taa, kipelekacho habari za breki kwa redio. Mwenye kazi sasa hupanda mbele pamoja na dereva. Mzee akacheka sana. "Na chombo hicho hushuka kwenda kufunga fataki?"

Lakini lililomtia mama hofu halikuwa fisi. Mzee alisimulia kwamba katika stesheni moja alikuta lakiri imekatwa na magunia yamepungua. Wenzake wakamwomba aandike kuwa mzigo ni sawa, nao watamkumbuka. Akaandika alichokiona. Kwa miezi mingi hakuna aliyekula naye chakula kimoja. Nadhani aliliona jambo hilo kuwa gumu kupita lile la kule kichakani, maana alilisimulia akitazama chini.

Ndipo mke wake, aliyekuwa akichambua mchele muda wote ule, akanena. "Dada, wewe uliza habari za nyumbani." Akatuambia kwamba katika watoto wao watano, mume wake alikuwapo kanisani siku ya ubatizo wa wawili tu. Noeli nyingine ilimkuta Tabora, Pasaka nyingine Kaliua. Mwito wa kazi ulikuja saa nane ya usiku kama ulivyokuja mchana. Watoto walizoea kutazama ukutani jikoni: sufuria ndogo ya safari ikiwa imetundikwa, baba yupo; ikiwa haipo, kayachukua makaa na unga wake, yuko njiani. "Mshahara ulikuja, ada zikalipwa, sikulala njaa," akasema. "Lakini mtoto akiugua usiku, nilikuwa mimi na jirani. Mwambie mwanao aoe mtu anayejua hilo kabla ya harusi, si baada yake."

Nilipokuwa namsindikiza, mama hakusema neno mpaka njia panda. Pale akanishukuru, akasema atazungumza na kijana.

Jumatatu alirudi ofisini. Nilidhani amekuja kuniambia cheti hakihitajiki tena. Alikitia katika mfuko wa nailoni, akaukunja mara mbili, akaniuliza kama najua duka lenye kuuza sufuria ndogo yenye kifuniko cha kukaza.