Si kila mahakama hufuata kanuni moja

Wako Wakenya wengi, wakiwamo wasomi wenye shahada zao, ambao hudhani kwamba popote penye nembo ya taifa ukutani na mtu aliyeketi kutoa hukumu, utaratibu wa kesi ni ule ule. Dhana hiyo si sahihi. Walimu wa historia na serikali hawana budi kuirekebisha darasani, maana yamkini wanafunzi wao ndio watakaodhurika nayo kwanza.

Kanuni ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, yaani Sura ya 75 ya sheria zetu, ilianza kutumika mwaka wa 1930. Kifungu cha 3 kinaagiza kwamba makosa yote yaliyomo katika Kanuni ya Adhabu yachunguzwe na kuamuliwa kwa kuifuata. Makosa yaliyowekwa na sheria nyinginezo nayo yafuate njia hiyo hiyo, isipokuwa pale ambapo sheria hizo zimejichagulia njia yao. Neno hilo "isipokuwa" ndilo mlango ambao mambo mengi hupitia.

Mahakama Kuu na mahakama za mahakimu ndizo hasa zilizokusudiwa. Mashtaka ya mauaji, mathalan, husikizwa na Mahakama Kuu, ilhali wizi wa kawaida humalizwa na hakimu. Mahakama ya Kadhi haimo kabisa. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimeipa maswala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu waliokubali kuamuliwa nayo, wala haina mamlaka ya kumfunga mwizi. Wanaoeneza uvumi kinyume cha hayo wangefanya vyema kuisoma Katiba kwanza.

Mahakama ya kijeshi ni jambo zito zaidi. Hiyo huongozwa na Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012, yenye utaratibu wake, na anayehukumiwa humo hukata rufaa Mahakama Kuu. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, wanajeshi wengi wa anga walifikishwa mbele ya mahakama za namna hiyo chini ya sheria iliyokuwapo, na Hezekiah Ochuka akanyongwa mwaka wa 1987. Katiba ya sasa inaruhusu haki kadha za mwanajeshi zipunguzwe, hata zile za mtu aliyekamatwa. Lakini kifungu cha 25 hakiruhusu mtu yeyote, awe na magwanda au asiwe nayo, anyimwe haki ya kesi ya uadilifu. Kwa maoni yangu, hilo ni miongoni mwa mambo bora tuliyoyapata mwaka wa 2010, ingawa halizungumzwi sana.

Tuliyapata kwa sababu tuliyajua madhara yake. Chini ya wakoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa aliamuliwa na juri la Wazungu wenzake. Mwafrika alipewa wazee washauri, ambao jaji hakulazimika kufuata rai yao. Mwaka wa 1953 serikali iliunda mahakama maalumu za Hali ya Hatari, ikaondoa uchunguzi wa awali uliotangulia kesi kubwa, ili mashtaka yaende mbio. Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Unapopunguza utaratibu ili upate kasi, anayelipia kasi hiyo ni mshtakiwa.

Hata kesi ya Kapenguria ilikwama kwa muda juu ya swali hili la mahakama na mipaka yake. Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyeteuliwa kuwa hakimu, alimhukumu Jomo Kenyatta na wenzake mwezi wa Aprili 1953. Julai mwaka huo mahakama ya juu ya koloni iliitangua hukumu, kwa kuwa Thacker hakuwa na mamlaka mahali pale alipokaa. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikairejesha. Serikali iliyokuwa na majeshi na ndege ilitatizwa na mpaka wa mkoa!

Sasa tugeukie shule. Bweni likiungua, polisi huwakamata wanafunzi kwa makundi. Katika kundi moja aweza kuwamo wa miaka 16 na wa miaka 19, wote wakiwa na sare moja. Kuchoma jengo kwa makusudi kunaweza kumletea mtu mzima kifungo cha maisha. Mtoto, kwa upande wake, ana Mahakama ya Watoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12. Sheria iliyoitangulia, ya 2001, iliondoa katika mahakama hiyo kesi ya mauaji na kesi ambamo mtoto ameshtakiwa pamoja na mtu mzima. Yaani mtoto alipoteza mahakama yake kwa sababu ya umri wa rafiki aliyekamatwa naye. Sikuona wakati ule, wala sioni leo, uadilifu katika kipimo hicho.

Lakini kabla hata ya kubishana juu ya vifungu, yapasa ijulikane kwamba kijana huyo ni mtoto. Hakimu humwona mvulana mrefu mwenye ndevu changa tu. Nakala ya cheti cha kuzaliwa aghalabu imo katika faili ya shule, afisini mwa mwalimu mkuu, ambaye siku hiyo amekasirika kwa kuunguliwa na bweni na hana hamu ya kumsaidia yeyote. Hasira yake naielewa. Hata hivyo, faili hiyo inatakiwa ifike kituo cha polisi siku ile ile ya kukamatwa, kabla karatasi ya mashtaka haijaandikwa na mtoto hajapelekwa katika mahakama isiyo yake.