Majani ya Ufipa Yapimwe

Sisi wa visiwani tukisikia jina la Sumbawanga hufikiri uchawi. Ajabu ni kwamba jina hilo, kwa Kifipa, maana yake ni "tupa uchawi".

Waganga wa Uwanda wa Ufipa, kama wenzao wa Unguja na Pemba, hutumia majani kutuliza uvimbe na maumivu ya viungo. Hatuoni sababu ya kuwadharau. Aspirini yenyewe, iliyotengenezwa mwaka 1897, chimbuko lake ni gome la mti, na hadi mwaka 1971 ndipo John Vane alipoeleza inavyozuia uvimbe.

Lakini maji ya majani yakipunguza uvimbe wa panya katika maabara, hiyo si ruhusa ya kumnywesha mgonjwa. Kipimo chake ni kipi? Figo je? Na goti lililovimba huenda lina kifua kikuu cha mfupa, ambacho dawa ya kutuliza itakificha tu.

Kitengo cha utafiti wa dawa za asili cha Muhimbili kilianzishwa mwaka 1974, kikawa Taasisi mwaka 1991. Wakuu wanaohusika hawana budi kuwawezesha watafiti hao wapande Ufipa, wayapime majani na kuyaandika pamoja na majina ya wenye elimu hiyo, ili dawa ikipatikana mganga asiambulie patupu. Haki hiyo hiyo twaidai kwa waganga wa visiwani.